Bibi Kwenye Keria, Kwihara Hadi Tura

Nilipomaliza chuo cha ualimu nilirudi Kwihara kusubiri barua ya kunipangia shule. Wiki ya tatu ya kusubiri, tukiwa tunakula, bibi yangu mzaa mama akasema anataka kwenda kwenye kaburi la baba yake kabla macho yake hayajafunga. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha kufunikwa na utando mweupe. La kulia bado lilimwonyesha kwamba mtu amesimama mbele yake, lakini sura ya mtu huyo halikumwonyesha tena.

Kaburi lilikuwa porini, kati ya Rubugwa na Tura, kwenye njia ya zamani ya misafara. Baba yake alikuwa mpagazi. Alikuwa akirudi kutoka pwani na mzigo wa nguo, mkewe na binti yake mdogo wakitembea nyuma katika msafara uleule, akashikwa na homa, akafa zikiwa zimebaki siku tano kufika nyumbani. Huyo binti mdogo ndiye bibi. Alipita tena pale akiwa msichana, na mara ya mwisho akiwa mke wa mtu. Kisha Wajerumani wakaleta reli, na watu wakaacha kutembea.

"Treni ipo, mama," mama yangu alimwambia. "Asubuhi uko Tabora, jioni uko Tura."

"Treni ina njia yake, na baba yangu yuko kwenye njia yake. Nikipanda treni nitakuwa nimemzunguka kama mtu ninayemkimbia."

Wajomba walikuwa na kazi mjini. Dada zangu walikuwa na watoto wachanga. Mimi nilikuwa na cheti na sikuwa na la kufanya. Mjomba mmoja, katekista, akatoa baiskeli yake, akanieleza kwa kirefu kwamba tairi la nyuma limechoka, kwamba mwiba ukiingia nisiendelee kuliendesha hata hatua moja, na kwamba baiskeli hii ndiyo inayompeleka kwenye vigango vyote vya upande ule. Nikamwitikia kila neno. Usiku huo sikulala vizuri, na mzigo wenyewe nilikuwa bado sijaupakia.

Nilijiandaa kwa wiki nzima. Nilichora kwenye daftari ramani ya ukutani ya chuo kwa kadiri nilivyoikumbuka, na njia ya misafara haikuwamo. Kulikuwa na reli tu, mstari mweusi wenye vijiti. Niliandika mambo ya kuogopa: maji, tairi, simba, bibi kudondoka, barua kufika nikiwa sipo na nafasi yangu kupewa mtu mwingine. La mwisho nililiandika kwa herufi kubwa kuliko yote: tufike, tusilione kaburi. Nikaenda kumwuliza.

"Lina msalaba, bibi?"

"Msalaba wa nani? Mapadri wenyewe walikuwa bado wageni."

"Basi lina mawe?"

"Nani angebeba mawe? Watu walikuwa na mizigo kichwani."

"Sasa tutalijuaje?"

"Nitalijua. Hata wewe utalijua. Kila mtu hulijua."

Niliandika "kila mtu hulijua" kwenye daftari, nikaweka alama ya kuuliza mbele yake. Mimi makaburi niliyoyajua yalikuwa ya misheni, yamepangwa mistari na yana tuta. Nikaamua tutatafuta tuta. Nilijiuliza tuta la miaka hamsini linabaki na kimo gani baada ya mvua zote hizo, nikakisia, nikaandika na hilo.

Tulitoka asubuhi na mapema. Bibi alikaa upande kwenye keria, juu ya blanketi lililokunjwa mara nne, mkono mmoja ukiwa umeshika mkanda wangu. Mkono wa pili ulishika fimbo, ameilaza mapajani kama mtu aliyebeba bunduki. Majirani walitoka kutazama.

"Mwalimu!" mmoja aliita. "Mbona umeoa hukutualika?"

"Mahari yake ilikuwa nini?" akadakia mwingine.

"Wivu tu huo," bibi akawajibu. "Wenu wanawaacha mtembee kwa miguu. Haya, mume wangu, kanyaga."

Nilikanyaga. Baiskeli iliyumba hadi kwenye shamba la muhogo, ikarudi njiani yenyewe.

Nusu ya kwanza ya siku tulitumia barabara ya serikali, ambayo ni mchanga mtupu. Mara nyingi nilishuka nikasukuma, na bibi akatembea kando akiimba kwa sauti ndogo. Baada ya hapo akaniambia nigeuke kushoto, kwenye kitu ambacho mimi nilikiona kuwa ni mfereji wa maji ya mvua. Nilibisha. Nikamwambia huu ni mfereji. Akashuka, akaugusa kwa fimbo ukingo huu, akaugusa ukingo wa pili, akacheka.

Ilikuwa ni njia. Ilikuwa na upana wa nyayo mbili tu, na imezama ardhini hadi kwenye muundi wa mguu wangu. Nilipojaribu kuendesha ndani yake pedeli ziligonga kingo za pande zote mbili, ikabidi nijifunze kukanyaga nusu nusu, mbele na nyuma, kama mtu anayekanyaga cherehani. Ardhi ya pale ni ngumu. Kiangazi jembe hurukaruka juu yake. Hakuna aliyeichimba njia ile. Ni miguu mitupu ya watu waliofuatana mmoja nyuma ya mwingine, ikipunguza udongo kidogo kidogo, zaidi ya wembamba wa karatasi isingeweza kupunguza kila safari. Nilijaribu kupiga hesabu ya nyayo ngapi zinatakiwa. Nilikuwa mzuri wa hesabu chuoni. Nilifika mahali nikaacha, kwa sababu nilianza kuona haya kupita juu yake na matairi.

Na haikunyooka. Pori lilikuwa wazi, miyombo imetawanyika, mtu angeweza kwenda moja kwa moja. Lakini njia ilipinda kushoto, ikazunguka pasipo na kitu, ikarudi. Mwendo mfupi mbele ikafanya vilevile upande wa kulia. Nilimwuliza bibi kwa nini wazee walitembea kama walevi.

"Hapa palianguka mti," akasema. "Mtu mwenye mzigo hapandi juu ya gogo, analizunguka. Walio nyuma wanamfuata."

"Lakini gogo halipo."

"Mchwa wamelila. Nani angewaambia watu kwamba sasa wanaweza kunyoosha?"

Kuanzia hapo nilikuwa nikizungukia miti iliyoanguka kabla mama yangu hajazaliwa. Bibi, aliyekuwa haoni, aliijua kila kona kwa jinsi mwili wake ulivyolalia mgongo wangu, na kila tulipopinda alisema tu, "Mwingine."

Kabla ya kuingia Kigwa njia yetu ilitokea barabarani tena, kwenye kizuizi cha mbung'o. Kulikuwa na mti umelazwa katikati ya barabara, kibanda cha nyasi, na mlinzi mwenye wavu mdogo wa kukamatia wadudu. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha hakuna anayetoka porini na mbung'o mgongoni akawapelekea watu wa vijijini malale.

"Simama! Shuka, bwana. Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kwenu wapi wewe?"

"Mimi Mgogo, mama. Kwetu Manyoni."

"Nilijua!" bibi akapiga fimbo chini. "Mti njiani, na mtu amesimama. Babu zako walitusimamisha hivihivi wakitaka hongo. Hamjashiba tu?"

Mlinzi alicheka mpaka wavu ukamwanguka. "Na ninyi Wanyamwezi mlipita kwetu na mizigo ya nguo, watu wetu wakitembea na ngozi! Mngeona aibu kidogo mngetugawia."

"Leo sina nguo. Nina mume, mchukue."

"Huyu? Mwembamba hivi? Mbung'o wenyewe wamemkataa." Lakini aliwakuta wawili kwenye shati langu, mgongoni, ambako sikuwa nimewahisi kabisa, akawanasa na kutuonyesha. Niliwaza malale hadi Kigwa, na nililala Kigwa nikihesabu dalili zake.

Siku ya pili ilikuwa ya kimya. Serikali ilikuwa imewahamisha watu wa pori lile, kwa sababu ya malale hayohayo, ikawaweka pamoja kwenye vijiji vipya. Tulipita mahali palipokuwa vijiji. Ua wa minyaa ulikuwa umesimama umezunguka nyumba ambazo hazikuwapo, na mlango wa ua ulikuwa wazi kama vile mtu ametoka mara moja kuchota maji. Mahali pamoja kulikuwa na jiwe la kusagia, uso wake umelika kwa kusagia, limejaa majani makavu. Bibi aliniambia nisimame. Akayatoa majani kwa kiganja, akalipangusa jiwe, akarudi kwenye keria. Nilitaka kumwuliza kama alimjua mwenyewe, kisha nikaona kwamba swali hilo halina maana, na kwa kitambo kirefu nikabaki nikijiuliza kwa nini halina.

Tulilala Rubugwa kwa watu wa kanisa la mjomba. Mama mwenye nyumba alitueleza kwamba kesho tutaingia pori ambalo halina maji mpaka bwawani, mwendo wa nusu siku. Bibi akatikisa kichwa kwa furaha, kwani hivyo ndivyo alivyokumbuka.

"Kaburi ni kabla ya maji," akaniambia. "Tukifika bwawani tumekwisha kumpita. Kwa hiyo wewe tazama, mume wangu. Mimi leo naazima macho yako."

Hayo maneno yalinikaa kifuani kama mzigo mwingine. Tulianza safari na mimi nikawa natazama. Nilitazama kila kichuguu, kila mahali udongo uliponyanyuka. Viwili kati ya hivyo nilimshusha bibi akavipapasa, na vyote viwili akasema, "Hiki ni kichuguu, mwalimu. Hukufundishwa vichuguu?"

Mwiba wa kwanza uliingia mapema. Niliziba. Wa pili uliingia tukiwa bado hatujapoa jasho. Nilipomaliza kuziba wa pili nilibakiwa na kiraka kimoja, na nikaona wazi mbele ya macho yangu baiskeli ya mjomba imelala porini na vigango vyote vya upande ule vikimsubiri katekista wao. Nikamwomba bibi tutembee. Mimi nilisukuma mbele, nikikagua njia na kuondoa miiba, yeye akafuata nyuma polepole kwa fimbo, umbali wa mwito mmoja kutoka nilipokuwa. Kila baada ya muda aliita, "Bado?" nami nikamjibu, "Bado, bibi."

Nilifika mahali njia ilipopinda, na kwenye kona hiyo kulikuwa na rundo la matawi. Lilikuwa limeziba nusu ya njia, kimo chake kinanifika kiunoni. Nikafikiria mambo mawili kwa wakati mmoja: tairi, na miguu ya bibi. Nikaiegemeza baiskeli kwenye mti, nikaanza kuyavuta matawi na kuyatupa pembeni, hatua kumi kutoka njiani. Ya chini yalikuwa yamekwisha kuoza na kuvunjika mikononi. Kazi ilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani. Nilipomaliza nilichukua tawi moja la majani nikafagia, ili bibi asipate hata kijiti cha kumkwaza. Nakumbuka niliona kwamba tawi nililofagilia lilikuwa bichi. Nakumbuka pia niliona kwamba udongo wa pale ulikuwa mweusi, wakati pori zima ni mchanga mwekundu. Mimi ninayefikiria kila kitu mara saba, hayo mawili niliyaona nikayaacha yapite. Nilikuwa nimefurahi kwamba nimefanya jambo la maana siku hiyo.

Nikatangulia. Nikageuka nikamwona bibi anapita pale nilipofagia, fimbo mbele, mguu baada ya mguu, bila kujikwaa.

"Bado?" akaita.

"Bado, bibi."

Jua lilipokuwa utosini tuliona maji. Bwawa lilikuwa dogo, limepungua hadi katikati, na kando yake kuna nyayo za swala. Nilitaka kushangilia. Kisha nikamwona bibi amesikia harufu ya maji na amesimama.

"Haya ni maji?"

"Ni maji, bibi."

Akakaa chini palepale, kwenye jua. Hakuomba kunywa. Nilimletea maji kwenye kikombe cha bati, akakishika tu.

"Basi wamemwacha," akasema.

"Pengine ni mimi sikuona vizuri. Tuta la siku nyingi, mvua..."

"Tuta gani? Nani alikwambia tuta? Hawakuchimba. Walikuwa na jembe? Msafara hausubiri. Walimlaza kando, wakamfunika kwa matawi. Mama akaweka lake, mimi nikaweka langu, msafara mzima ukapita kila mtu anaweka lake. Na wote waliokuja nyuma, hata wasiomjua, mtu akikuta majani yamewekwa njiani anajua kuna mwenzake hapo, anavunja tawi anaweka. Mara ya mwisho nilipopita lilikuwa limenifika hapa." Akaonyesha kiuno. "Nilijua litakuwapo. Nilijua hata nikiwa kipofu kabisa nitaligonga kwa fimbo, maana liko njiani. Sasa hakuna anayepita. Mchwa wamemaliza."

Nilikwenda bwawani nikajifanya nachota maji tena.

Sijui nilichuchumaa pale kwa muda gani. Najua nilifikiria kila njia ya kutoka. Mchwa: alikuwa amekwisha kusema mwenyewe kwamba ni mchwa, mimi sikumdanganya kitu. Bibi haoni, hakuna mtu duniani aliyeniona. Angelia leo, angefika Tura, angekaa kwa mdogo wake anayeishi huko siku mbili tatu, na tungerudi kwa treni. Nikafikiria kwamba nikimwambia itamuua. Nikafikiria kwamba nisipomwambia itaniua mimi, kisha nikajionea haya kwa kujiweka mbele. Hapo ndipo nikasikia tena lile neno lake, wamemwacha. Si kaburi lililokuwa linamliza. Lililomliza ni kwamba watu wameacha kuweka. Na mimi ndiye mtu pekee aliyejua kwamba hawajaacha, kwa sababu nilifagia kwa tawi lenye majani mabichi.

Nilirudi nikapiga magoti mbele yake.

"Bibi, lilikuwapo. Nililitoa mimi. Nilidhani ni matawi tu, yatatoboa tairi, yatakukwaza. Niliyatupa."

Jicho la kulia lilinitazama mahali pasipo uso wangu.

"Kubwa kiasi gani?"

"Kiunoni."

"Kavu?"

"Ya chini yameoza. Ya juu yalikuwa mabichi."

"Mabichi?"

"Ndiyo, bibi."

"Mabichi namna gani? Ya mwaka huu?"

"Ya juzi au jana. Majani yalikuwa hayajanyauka."

"Mabichi," akasema tena, safari hii si kwangu. Akanywa maji yote ya kikombe kwa mkupuo mmoja. Kisha akanirudishia kikombe na kunichapa begani kwa fimbo, si kwa mzaha. "Cheti! Miaka yote hiyo unasomeshwa, unafagia babu yako kama uchafu! Geuza baiskeli."

Tulirudi. Nilimpakia kwenye keria, na sikuujali tena mwiba wowote, wala sikupata hata mmoja. Tulipofika nilimshusha kwenye kona ya njia nikaanza kuyarudisha matawi. Sikuweza kukumbuka lipi lilikuwa chini ya lipi. Nilimwambia hivyo, kwani jambo hilo lilinitesa kuliko yote.

"Walioweka walikuwa wanapita mbio na mizigo," bibi akasema. "Unadhani walipanga?"

Alikaa katikati, kwenye udongo mweusi, na mimi nikawa namletea tawi mojamoja. Kila moja alilipapasa toka shina hadi ncha, akalinusa, akaliweka. Mengine alisema ni muyombo, mengine mninga. Moja lilikuwa jembamba na limefungwa fundo kwa gome, akalishika muda mrefu. Nilipokuwa nakusanya mabaki yaliyooza, nilichimba kidogo kwa vidole nione udongo mweusi unaishia wapi, ili nisiache kitu. Vidole viliingia hadi kwenye kifundo cha mkono na bado ulikuwa mweusi, laini, una harufu ya mvua. Kushoto na kulia, hatua moja tu, ulikuwa mchanga mwekundu wa kawaida.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekishika. Ule haukuwa udongo wa mahali pale. Yalikuwa ni majani. Ya mwaka huu juu ya ya mwaka jana, juu ya ya miaka ya reli, juu ya ya wakati wa misafara, hadi chini kabisa, ambako lilikuwa tawi la mtoto mdogo anayetembea nyuma ya mama yake. Watu wasiomjua, wengine wasio wa kabila lake wala wa dini yake, walikuwa wametengeneza ardhi nyingine juu ya mtu mmoja, kwa kuvunja tawi na kuendelea na safari. Niliondoa mkono polepole. Nilikuwa nimeusoma ulimwengu kwenye vitabu kwa miaka mingi, na sikuwahi kugusa kitu kikubwa namna ile.

Tulikuwa tumekaribia kumaliza waliposikika watu wanakuja kutoka upande wa bwawani. Walikuwa wanaume wawili, warina asali, kila mmoja na baiskeli iliyobeba vilindo vya magome vilivyojaa hadi spoki zimepinda. Walituona, wakasimama.

"Shikamoo, mama. Mmeharibikiwa?"

"Marahaba, wanangu. Tumepumzika tu."

Hawakuuliza zaidi. Yule wa mbele aliegemeza baiskeli yake kwa uangalifu, akaenda kwenye mti wa karibu, akavunja tawi, akaja akaliweka juu ya yetu. Mwenzake akafanya vilevile huku akiendelea kulalamika juu ya mnyororo wake.

"Ni nani huyu mnayemwekea?" bibi akauliza. Alikuwa ametazama chini.

Wakaangaliana. "Hatujui, mama. Tumekua tunakuta watu wanaweka."

"Msipoweka?"

"Aa! Utapitaje hivihivi?" Akacheka kama mtu aliyeulizwa kwa nini anaitikia salamu.

Nilifungua mdomo niwaambie. Nilitaka wajue, nilitaka kumwona usoni mtu anayejua kwamba mwenye majani haya ana binti na binti mwenyewe ndiye huyu. Bibi alininyamazisha kwa kunifinya kwenye nyama ya mkono, kwa kucha.

Wakatuambia wanakwenda Rubugwa, na kwamba bwawani wameacha moto haujazimika, tukiwahi tutaukuta. Wakasukuma baiskeli zao, wakapinda pale njia inapopinda, wakatoweka.

"Kwa nini, bibi? Wangefurahi."

"Nikiwaambia ni baba yangu, watasema kumbe ana wenyewe. Ana mwalimu mzima, ana wajukuu Tabora. Wataniachia mimi." Akajikung'uta udongo kwenye kanga. "Mimi nina mwaka gani tena wa kupita hapa? Waache wasijue."

Alinyoosha mkono nimwinue. Nilimwinua, nikachukua baiskeli, nikafuta kiti kwa kiganja kama kawaida yangu.

"Na wewe umeweka?"

Nilikuwa nimebeba matawi ya watu wote wale, na langu sikuwa nimeweka. Nikaiegemeza baiskeli tena. Nikasimama kutazama miti iliyotuzunguka, nikawaza ni upi unaofaa, mninga kwa kuwa unadumu, au muyombo kwa kuwa ndio wa kwetu, na tawi liwe la ukubwa gani kwa mtu aliyeanza kwa kulifagia kaburi.

"Lolote, wewe!" bibi akapiga kelele. "Unavunja tawi, huchagui mke!"

Nikavunja lililokuwa karibu na mkono.